Jicho la Destin na Sabuni ya Saliha

Kuna watu wanaosoma mpaka wakasahau kuchafua mikono, na Saliha alikuwa na hakika kwamba Ingénieur Destin, mhandisi kijana, alikuwa mmoja wao. Alirudi kutoka Ulaya na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, jamani, ndani ya karakana ya kuchomelea vyuma karibu na Bandari ya Bujumbura, mahali ambapo hata paka ana masizi! Siku ya kwanza Saliha alivitazama viatu vile, akasonya, akarudi kwenye kazi yake. Miezi mitano ilikuwa imepita na msonyo ule haujamtoka mdomoni.

Saliha alikuwa fundi, mtoto wa fundi. Marehemu baba yake, mzee Djibril wa mtaa wa Buyenzi, alimwachia brashi ya waya, kipande cha sabuni ya kufulia na sheria mbili. Ya kwanza: chuma lazima king'ae kabla hakijapewa moto tena, maana uchafu ukibaki katikati ndipo kitakapovunjikia. Ya pili: ukitaka kujua joto la chuma, usikisie, kichore mstari kwa sabuni. Sabuni ikibaki nyeupe, chuma hakina neno. Ikigeuka kahawia, ukae macho. Ikiwa nyeusi, weka vifaa chini ukanywe chai. Kwa sheria hizo mbili mzee alilea watoto sita, na hakuna kazi yake iliyowahi kurudishwa.

Sasa wakaletewa mashine. Ilikuwa na mkono wa chuma ulioyeyusha waya na kuulaza mstari juu ya mstari, tabaka juu ya tabaka, mpaka kitu kizima kikaota mezani bila kumwagwa kwenye kalibu. Wenyewe waliiita imprimante, yaani printa. Juu ya mkono ule palikuwa na kidude cheusi chenye kioo, kipimajoto kisichogusa kitu. Kilisoma joto la chuma kutokana na mwanga ambao chuma chenyewe hutoa, hata ule usioonekana kwa macho ya binadamu. Kikisema chuma kimepoa hadi digrii mia mbili na hamsini, mkono unalaza tabaka jingine. Kikisema bado, mkono unangoja. Karakana nzima walikiita jicho.

Destin alikipenda kidude kile kuliko watu. Alikifuta kwa kitambaa laini kila asubuhi kabla ya kumsalimu yeyote. Kisha aliingia kwenye ofisi yake yenye kioo na hewa baridi, akakaa na kompyuta, akatazama namba mpaka jioni. Chuma chenyewe hakukitazama. Kwa nini akitazame, na namba zipo?

Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa pangaboi, feni ya chini ya maji inayosukuma meli, la meli ya mizigo iendayo Kigoma. Fundi wa injini wa meli hiyo alikuwa Twalibu, mdogo wake Saliha wa tumbo moja. Mwaka uliopita pangaboi la zamani lilipoteza bawa moja wakiwa mbali na bandari ya Rumonge, wakaelea siku mbili kwenye mawimbi ya ziwa na magunia ya watu, na Twalibu akarudi nyumbani hawezi kushika kikombe bila kumwaga. Mwenye meli akamwambia waziwazi: meli isipoondoka Alhamisi na pangaboi zima, atatafuta fundi mwingine. Twalibu alikuja karakana akamwambia dada yake mbele ya watu wote, "Dada, mi sijue mashini, najua we. Ukisema iko muzuri, nitapanda bato bila kuuliza."

Saliha akaahidi. Kazi ikaanza Jumamosi, mabawa manne, kila bawa siku na kitu.

Asubuhi ya siku hiyo Destin alilenga jicho kwenye kipande cha chuma kilichotoka motoni, cheusi, akabonyeza namba zake, akaridhika. Kisha akamgeukia Saliha.

"Maman Saliha, we utachunga waya tu. Chuma yenyewe usiguse."

"Juu ya nini nisiguse?"

"Iko complication. Usiguse tu." Simu yake ikalia, akatoka.

Usiguse tu! Saliha aliyeanza kushika brashi kabla huyu mtoto wa mtaa wa matajiri wa Gihosha hajajifunza kufunga kamba za hivyo viatu vyake! Alimngoja aingie ofisini. Kila mkono wa mashine ulipoinuka kungoja, yeye alichukua brashi ya baba yake yenye mpini mrefu akasugua lile tabaka mpaka likang'aa kama sahani ya arusi. Mashine ikafanya kazi haraka kuliko Destin alivyotarajia. Destin akajisifu kwa simu, kwa Kifaransa, na Saliha akacheka peke yake. Kumbe ujinga nao una diploma.

Jumatatu, kwenye bawa la pili, mkono wa Saliha ukakumbuka sabuni. Akachora mstari kwenye tabaka lililokuwa limepigwa brashi. Mstari ukawa mweusi kabla hajainua kidole. Akatazama skrini ya mashine: mia mbili arobaini na tatu. Akachora tena. Mweusi tii.

Mtu mwingine angeogopa. Saliha alifurahi, na furaha yake ilikuwa mbaya, ya kulamba midomo. Jicho la mamilioni lilikuwa kipofu, na sabuni ya kufulia ilikuwa inaona! Lakini kumwambia Destin pale pale, wawili peke yao, ingekuwa hasara ya utamu. Angesema asante maman, angebonyeza kitufe, ingeishia hapo. Hapana. Acha amalize. Twalibu atakuja Jumatano kuchukua pangaboi lake, na mbele ya Twalibu na mafundi wote viatu vyeupe vitatembea juu ya aibu. Kwa chuma chenyewe hakuwa na wasiwasi. Chuma cheusi cha baba yake kilichomwa na kuchomwa tena miaka arobaini na hakikununa. Cha mashine kilikuwa kile cheupe kisichoshika kutu, lakini chuma ni chuma, alijiambia, na akaendelea kupiga brashi.

Jumatano baada ya swala ya alasiri Twalibu alifika na kamba na mkokoteni. Mashine ilikuwa imelaza tabaka la mwisho la bawa la nne muda huo huo. Saliha alikuwa amelisugua nusu tu. Akaweka brashi chini kumsalimu mdogo wake, kisha akapaza sauti mafundi wasikie.

"Ingénieur! Kuya uone jicho yako."

Destin akatoka ofisini. Saliha akachora mstari wa sabuni kutoka ncha hadi ncha ya bawa, juu ya nusu iliyong'aa na nusu iliyobaki nyeusi. Mstari mzima ukaungua. "Hii inapita mia tatu. Yako inasema ngapi?"

Skrini ilisema mia mbili arobaini na sita. Mafundi wakaguna. Twalibu akacheka, "Dada na sabuni ya muzee!" Saliha alisimama mikono kiunoni, na kwa dakika hiyo moja alikuwa mwanamke mwenye raha kuliko wote wa Bujumbura.

Destin akasogea karibu na mashine. Alisogeza jicho taratibu, kutoka sehemu iliyong'aa hadi sehemu nyeusi. Skrini ikaruka: mia tatu tisini na nane. Akalirudisha. Mia mbili arobaini na mbili. Bawa lile lile, dakika ile ile.

"Nani alisafisha hapa?" akauliza.

"Mi. Kila tabaka. Ndo kazi ya fundi."

Uso wa Destin ukanyauka. "Nilipima jicho ku chuma nyeusi. Chuma yenye kung'aa inaficha moto yake, inatoa mwanga kidogo. Jicho ilizani imepoa, ikaruhusu, tabaka yote imewekwa kwa moto. Mi nilikwambia usiguse!"

"Ulinifasiria juu ya nini?"

Destin akatazama viatu vyake. "Niliona hautaelewa."

Hakuna aliyecheka sasa. Mdharau mwiba mguu huota tende, na hapo ilivimba miguu ya watu wawili. Destin akajikaza, akasema kwa sauti ndogo kwamba labda si kitu, labda litavumilia, safari ya Kigoma si ndefu. Saliha angeweza kunyamaza. Akinyamaza, pangaboi litaondoka na aibu itaishia hapo. Alimtazama Twalibu, ambaye alikuwa tayari anakunjua kamba.

"Acha iyo kamba," akasema.

Akachukua nyundo ndogo akagonga bawa la kwanza, lililokwisha poa tangu juzi. Chuma kizima hulia, sauti ikaenda mbali. Hiki kilitoa mlio wa chungu chenye ufa. Akamulika taa shinani, na hapo mbele ya macho yao ufa ulikuwepo, mwembamba, umefuata mstari wa tabaka. Akagonga la pili. La tatu. Mlio ni ule ule. Chuma cheupe hakikuwa cha baba yake; hiki kikirundikiwa moto hupasuka.

"Bato haitoki kesho," akasema Saliha. "Iyi inavunjika mbele ya Rumonge."

Twalibu akaachia kamba. Akatazama mstari mweusi wa sabuni, akauliza polepole.

"Dada, sabuni iliungua siku gani ya kwanza?"

Angeweza kusema leo. Destin mwenyewe hakujua. "Juzi, siku ya kwanza ya wiki," akasema. "Kwa bawa ya pili."

"Na ukanyamaza juu ya nini?"

Saliha akafungua mdomo. Sababu ilikuwepo, alikuwa ameilea siku mbili kama mtoto, lakini ilipofika kwenye ulimi akaiona ilivyo ndogo na inavyonuka. Akashindwa kuitoa. Twalibu akaielewa hata hivyo. Aligeuza macho kwa Destin, kwa vile viatu vyeupe, kisha akayarudisha kwa dada yake, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, vile vile Saliha alivyomtazama Destin siku ya kwanza.

Akasonya. Akakunja kamba yake akatoka, akasukuma mkokoteni mtupu kuelekea bandarini.