Moshi Katika Ukumbi wa Lusikisiki

Jirani yetu MaMbhele anasimulia kwamba mwenyekiti wa kamati alivuta ule moshi mara moja tu, akaanza kucheka peke yake, hadi askari wawili wakambeba kumpeleka kwenye gari. Anaapa kwa marehemu mumewe. Lakini siku hiyo MaMbhele alikuwa kwake anapukuchua mahindi. Mimi ndiye niliyekuwa ukumbini, nimekaa ubavuni mwa mama, na mwenyekiti hakucheka.

Kamati ya bunge ilikuja mjini kwetu Lusikisiki kuwasikiliza wakulima wa bangi kabla sheria mpya ya zao hilo haijaandikwa. Aliyehangaika mpaka ikaja ni wakili mmoja, dada Ntombovuyo. Miezi saba alipita nyumba kwa nyumba kwenye mabonde yetu, anavuka mito viatu mkononi, anawabembeleza wazee waje waseme, maana wengi walikuwa wanaona haya. Mama alipewa nafasi ya tatu. Alikuwa na jambo moja tu: helikopta ya polisi isirudi. Mwaka jana ilimwaga sumu juu ya bangi, na mahindi na maboga yaliyopandwa humo humo yakaungua yote. Mwaka huu shamba lilikuwa limefika kiunoni tena.

Msemaji wa pili alipomaliza, Lwandile akasimama. Huyu ni mwanaharakati kutoka Durban, kijana wa fulana yenye jani kubwa kifuani, na roho yake si mbaya. Aliweka kigae sakafuni, akajaza bangi kavu, akaiwasha kama tunavyowasha impepho, yale majani ya kuwaita wazee wetu waliokufa.

"Wahenga wetu, njooni mseme!" alipaza sauti, huku rafiki yake akimrekodi kwa simu.

Kwetu impepho huwashwa na mkubwa wa ukoo, nyumbani kwake, na wanaoitwa anawajua kwa majina.

"Wahenga wa nani hao?" mzee mmoja akauliza.

"Wetu sote, baba."

"Sote mimi na nani? Wewe wa ukoo gani, mtoto wa lami?"

Wachache walicheka. Kisha wazee wakavaa kofia zao, mmoja mmoja, wakatoka. Dada Ntombovuyo alimkimbilia yule mzee mlangoni, akamshika mkono. Mzee akauchomoa mkono wake. Mwenyekiti alitazama viti vitupu, akasema wataandika kwamba wakulima hawakuwa tayari, akafunga kikao. Mama alikuwa ameshasimama, shali begani, akingoja aitwe.

Siku ya tatu Lwandile akafika kwetu na yule rafiki yake.

"Mama, ile video imetazamwa na watu laki mbili! Sasa tukurekodi wewe, ukiwa shambani."

"Shambani? Ili helikopta isisumbuke kuuliza njia?"

"Hapana, mama. Dunia ikuone."

"Dunia haitungi sheria yetu." Mama alimvutia kigoda. "Kaa, mwanangu. Kamati iko mjini Mthatha mpaka Ijumaa. Vaa shati la kawaida, uende ukawaambie lile kosa lilikuwa lako, siyo letu. Na hao wazee upite kwao, uwaombe radhi. Wakirudi wao, na mimi nitasikilizwa. Utaenda?"

Lwandile hakukaa. Alitazama mteremko wa shamba, akatazama viatu vyake, kisha akamtazama rafiki yake, ambaye alikuwa bado ameinua simu, anarekodi.