Mjane Asiyekuwemo Riwayani

Rahma hakuamini kadi za taroti, zile za kutazamia yajayo. Aliziagiza Dar es Salaam kwa sababu alipenda picha zake, na kwa sababu kila picha ilimlazimisha kutafuta swali zuri la kuuliza. Mama yake, Bi Zabibu, alisema hiyo ni ramli, na ramli haiingii nyumbani kwake Mwankoko. Wakafikia makubaliano: Rahma asimtazamie mtu aliye hai. Ajifunze kwa watu wa riwaya, ambao hawana kesho ya kuharibiwa.

Basi Jumapili alasiri mama alipepeta alizeti, na Rahma akapanga kadi mkekani kuwatazamia wahusika wa kitabu walichokuwa wakisomeana.

"Leo mtazamie yule mjane," mama alisema.

"Mjane gani?"

"Yule muuza mafuta ya alizeti. Kuna mwanamume anamtaka, mwenye mashine ya kukamua kule Iguguno."

Kitabu kilihusu mafundi wa reli. Hakikuwa na mjane wala alizeti. Rahma akachanganya kadi.

"Huyo mwanamume ana tabia gani?"

"Mpole. Ila akishiba anaongea mno. Juzi kampelekea mjane kuku, jogoo na tetea."

Uani jogoo akawika. Mama alikuwa amesema kamnunua mnadani.

"Na mjane anaogopa nini?"

Mama alizidi kupepeta ungo usiokuwa na makapi tena. "Ana binti, mkali kama hakimu. Bila ridhaa yake, mjane hatampokea mshenga."

Rahma akafunua kadi: mnara uliopigwa radi, watu wakianguka.

"Yaa Rabi!" Mama akaachia ungo. "Nyumba inaungua!"

"Mama, ni karatasi." Rahma akazikusanya zote na kuzirudisha kwenye boksi. "Tena sharti ni lako, watu wa kitabuni tu. Huyu hayumo."

Mama akainamisha uso, akaanza kuokota mbegu zilizomwagika. Rahma akapiga magoti kumsaidia.

"Huyo binti namfahamu," akasema. "Hana neno. Ila anataka kumwona huyo bwana akila, apime hayo maneno yake. Mshenga aje Jumamosi, naye bwana aje nyuma yake."

Mama akazirudisha mbegu kwenye ungo. "Tutawapikia nini?"

"Si yule jogoo."

"Thubutu!" mama akasema. "Huyo haguswi. Kanunue nyama."