Chungu cha Mbegu cha Tusekile

Mto Songwe ulipofurika Aprili, maji yaliingia mashambani Ngana yakakaa siku nne. Yalipoondoka, pilipili kichaa zote za Tusekile zilikuwa zimeoza mizizi. Majirani nao hawakubakiwa na shina hata moja.

Tusekile hakulia. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akichagua pilipili zilizoiva vizuri kwenye mashina yenye nguvu, akizikausha juu ya meko, kisha akizihifadhi na majivu katika chungu cha udongo kilichofinyangwa Ikombe. Humo hakuna aliyeruhusiwa kutia mkono, hata mumewe Ezra, ambaye wali bila pilipili aliuita chakula cha mgonjwa.

"Moja tu, mke wangu," Ezra aliomba, sahani ya wali na dagaa wa usipa ikiwa mbele yake.

"Moja ina mbegu kibao. Unataka kula shamba?"

Ezra akala hivyo hivyo, bila pilipili.

Wiki iliyofuata, Tusekile akiwa kitaluni, alifika Asia, mtengeneza achari wa Kyela mjini, viatu mkononi, matope hadi magotini.

"Shikamoo, baba," alimwamkia Ezra aliyekuwa uani. "Nimezunguka mpaka Busale, pilipili hakuna. Nasikia mnazo kavu. Nipe chungu kizima, bei utaje wewe."

"Marahaba. Ila hizo haziuzwi, mwanangu. Ni mbegu. Mke wangu amezichagua miaka kumi na miwili, hata mimi hanionjeshi. Na anafanya vyema. Rudi Septemba."

Tusekile alikuwa amerudi kutoka kitaluni, amesimama nyuma ya nyumba, jembe begani, akasikia yote. Asia alipoondoka, aliingia jikoni, akafungua chungu, akatoa pilipili moja. Aliipasua, akakung'uta mbegu zote kwenye kitambaa, ganda akampondea Ezra na chumvi. Ezra alikula akitokwa jasho, akicheka peke yake.

Mbegu hizo na zile za chunguni zilisiwa kitaluni, zikaota. Tusekile aligawa miche kwa kila mwanamke aliyekuja kuomba, nao wakaondoka wakisema, "Ndaga fijo," asante sana.

Septemba Asia alirudi, akakuta uani vikapu sita vimejaa pilipili, nyekundu tupu. Alichukua moja, akaitafuna, machozi yakamlengalenga.

"Wateja wakiniuliza, niwaambie ni pilipili za wapi?"

"Sema za Ngana tu," Tusekile akajibu.

"Za Tusekile," Ezra akadakia. "Andika hivyo hivyo kwenye chupa."

Asia akamtazama mwenyewe. Tusekile alijifunga kanga vizuri, akainua kidevu.

"Andika," akasema.