Mipini Sita ya Koki

Mimi si mtu wa kununa, lakini hili nitalinung'unikia mpaka nizikwe.

Kaka yangu Nyamai hutengeneza fimbo za kuvulia samaki hapa Nunguni. Usicheke. Najua mito yetu haina samaki wa kutosha hata mchuzi wa sufuria moja. Fimbo zake za mianzi hununuliwa na Gathua, mtu wa Nyeri, ambaye huwauzia wanaovua kwa starehe huko milimani. Nyamai huchonga mianzi na kuiunganisha. Mpini wa koki, yaani pale unaposhika, umekuwa kazi yangu kwa miaka tisa. Koki ni gome la mti wa ng'ambo, lile wanalozibia chupa za mvinyo. Sisi wa kanisa tunalijua kupitia mipini tu.

Koki ina vishimo. Unaviziba kwa unga wake uliochanganywa na gundi, unasugua kwa msasa mpaka kidole kisikwame popote, kisha unatia rangi. Rangi yangu niliirithi kwa mama. Ni magome ya mti aliyokuwa akichemsha kutilia rangi nyuzi za viondo, vikapu vyetu vya kusuka, nami nikaipunguza makali mpaka ikatoa hudhurungi ambayo hakuna duka linaloiuza. Baada ya rangi ni vanishi, mara tatu. Kabla ya vanishi mpini haushikwi ovyo, kwa sababu koki hunywa chochote, hata jasho la kiganja.

Gathua hakujua kama niko duniani. Kila aliposifu rangi, Nyamai alijibu, "Ni kujaribu tu." Mwaka huu niligoma. Nikasema sigusi mpini mwingine mpaka Gathua aambiwe ni nani anayeipaka. Nyamai akaapa kwamba Gathua akija Jumatano kuchukua fimbo sita, atanisimamisha mbele yake na kusema, huyu ndiye fundi wa mipini. Nilimwamini. Nilishonesha hata rinda.

Jumamosi kabla ya hiyo Jumatano, fimbo zote sita zilikuwa zimetiwa rangi, zimeegemezwa ukutani zikauke. Nyamai akaleta Pasta Mutie na kina mama wa maombi waje kuibariki kazi. Nilipomwona Pasta akifungua chupa ya mafuta ya upako, nilimkimbilia.

"Pasta, tafadhali, hiyo bado haijapakwa vanishi. Ikipata mafuta, vanishi itakataa kushika. Omba tu bila kugusa."

Pasta alitabasamu kwa huruma. "Dada Ndinda, mafuta ya Mungu imewahi kuharibu nini?"

"Asi, Ndinda!" Nyamai akafoka. "Sasa unafundisha mtumishi wa Mungu kazi? Nyamaza!"

Kina mama walinitazama kana kwamba nimetukana. Nikanyamaza, na kwa hilo najilaumu mpaka leo. Pasta alimimina mafuta kiganjani, akaushika mpini wa kwanza kwa mikono miwili, akaubana huku akiomba kwa sauti, kisha akaenda wa pili. Hakuruka hata mmoja. Ni mtu wa kumaliza kazi, huyo.

Walipoondoka nilimwambia Nyamai lazima tusugue mipini yote tuanze upya, Gathua aombwe angoje wiki moja.

"Unataka kupanguza upako na msasa?" akauliza. "Na kanisa yote imeona? Nitawaambia nini?"

"Waambie koki imekunywa mafuta."

"Paka vanishi, Ndinda."

Aliketi palepale akinilinda mpaka nikapaka.

Jumatano fimbo ziling'aa, nami nikasimama mlangoni na rinda langu. Gathua alipitisha kidole gumba kwenye mpini, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. "Nyamai, hii rangi unatoanga wapi?"

Nyamai alinitazama, kisha akatazama chini. "Ni neema ya Mungu tu."

Gathua alipoondoka nilimuuliza, na ahadi? Akasema Mungu ndiye wa kutajwa kwanza, mimi nitatajwa siku ingine.

Wiki ya tatu simu ikalia. Sikio la Nyamai ni zito, kwa hivyo huweka simu kwenye spika. Nilikuwa pembeni nikisugua koki.

"Nyamai, vanishi inabanduka," Gathua alisema. "Kastoma amevua siku moja tu, mpini umetoka ngozi yote. Zote sita ni hivyo. Ulifanya nini?"

Nilimtazama kaka yangu. Nilingoja ataje mafuta, Pasta, au hata uoga wake mwenyewe.

"Mianzi iko na shida?" akauliza.

"Hapana. Mianzi iko sawa kabisa."

"Basi. Hiyo mipini si mimi. Ni dada yangu."

"Dada yako? Hujawahi kuniambia."

"Anaitwa Ndinda. Miaka tisa ni yeye anapaka. Nitamtoa, usijali."

Miaka tisa nilikuwa nimeitamani siku Gathua atakapotajiwa jina langu. Sasa alitajiwa, na hesabu ya miaka ikatoka sawasawa. Nikanyoosha mkono, nikaomba simu nimweleze.

Nyamai aliitumbukiza mfukoni haraka. "Ameshakata," akasema, nami nilikuwa nikimsikia Gathua humo mfukoni akiuliza, "Ndinda nani?"