Dirisha Moja la Jua

Kaka yangu aliamua kuokoa pesa, na kaka akiamua kuokoa pesa, nyumba nzima hujiandaa kupata hasara. Miche ya nyanya ya kununua, alisema, ni wizi wa mchana kweupe. Yeye ataotesha yake humu humu ndani. Ili apate trei za mayai za kusia mbegu, tulikula mayai asubuhi na jioni mpaka tukaanza kuyaota. Kisha akanunua udongo. Udongo, jamani, wa kwenye mfuko.

Kilichobaki ni mwanga. Nyumba yetu ina dirisha moja tu linalopata jua, na hapo ndipo shemeji, mke wake, alipokuwa akishonea. Cherehani ikahamishiwa kwenye korido.

"Ni kwa muda tu, mke wangu," kaka alisema. "Wewe unaweza kuwasha taa. Mche hauwezi."

Hoja nzito hiyo. Shemeji, ambaye ushonaji wake ndio uliotulisha hayo mayai, akabeba kiti chake akaenda koridoni.

Miche ikaota, ikarefuka, myembamba kama nyuzi, yote imeinamia kioo. Kaka akaita majirani waje kushangaa. Mwalimu mkuu naye akaja, ila si kwa ajili ya nyanya. Alirudisha suti yake ya buluu iliyokoza, iliyoshonwa kwa uzi mweusi badala ya wa buluu, kuanzia kola hadi pindo.

"Fundi, mahafali ni kesho. Kama huwezi, niambie nimtafute mwingine, na nibaki naye."

"Njoo jioni, mwalimu. Utaikuta tayari."

Alipotoka tu, shemeji akabeba trei moja baada ya nyingine hadi uani, akarudisha cherehani dirishani, akanitupia mkasi nimsaidie kufumua.

"Jua lote hilo litaiua," kaka akalalamika.

"Kumbe? Nilidhani jua ndilo mlilokuwa mkilitafuta, wewe na wanao."

Miche, iliyolelewa ndani kama watoto wa mfalme, ikaanza kulegea. Kaka akachukua mwavuli, akaenda kusimama uani akiikinga, jasho linamtiririka, uso wa mfiwa.

Ndani tulifumua, mimi mkono wa kushoto wa koti, shemeji wa kulia. Ukafika wakati wa kuchagua uzi. Shemeji akausogeza karibu na kioo, akakunja uso, akafungua dirisha.

"Pole na msiba, mume wangu. Sasa sogea kidogo na huo mwavuli, unanizibia mwanga."