Mgonjwa Yuko Ng'ambo ya Mto

Sheria ilimtia Marlys Tvedt kichefuchefu: mtaalamu wa lishe huhesabiwa kuwa anafanya kazi pale alipo mgonjwa, si pale alipo yeye, na leseni ya Marlys ilikuwa ya jimbo la upande mmoja tu wa mto. Basi mgonjwa wake Mzee Orville Bruhn, mwenye figo mbovu, tangu ahamie kwa bintiye ng'ambo ya mto, kila Alhamisi alivuka daraja kurudi jimbo lake la zamani, akaegesha gari nyuma ya kituo cha mafuta, akampigia Marlys simu ya video huku meno yakigongana kwa baridi.

Na majimbo yote mawili yalishatia saini mkataba wa kutambuliana leseni! Wakubwa walipiga picha, wakala keki. Huu mwaka wa pili, hata fomu haijatoka. Ukiuliza, "mchakato unaendelea." Mchakato! Mfyuu.

Alhamisi hiyo theluji ilifunga daraja. Simu ilipoingia, Marlys aliona jiko nyuma ya mzee.

"Uko wapi, Mzee Bruhn?" Ndilo swali la kwanza, la lazima.

"Kwenye maegesho, binti yangu."

"Maegesho yana friji siku hizi?"

Mzee akacheka, akanywa supu. "Umenikamata. Lakini chumvi nimeacha, kama ulivyosema! Natia hii badala yake." Akainua kikopo. "Ila miguu imelegea, na moyo unarukaruka."

Marlys alikitambua kikopo. Chumvi mbadala ni potasiamu tupu, na figo zile haziwezi kuitoa; ikizidi mwilini, husimamisha moyo.

Pettibone, msimamizi aliyekuja kukagua simu za wiki hiyo, akanyoosha mkono, akaizima sauti ya simu ili mzee asiwasikie. "Mwambie aite gari la wagonjwa, basi. Supu usiitaje. Ukitaja chakula, huo ni ushauri wa lishe, na leseni ya kule huna."

"Anainywa mbele ya macho yetu!"

"Sheria sikuitunga mimi."

"Hukuitunga, unailamba tu. Unanichefua, Pettibone. Toa mkono."

Akairudisha sauti mwenyewe. "Mzee, weka kijiko chini! Usinywe tena hata tone. Hicho kikopo ndicho kinachokuumiza. Binti yako aite gari la wagonjwa sasa hivi, na awaonyeshe kikopo."

Mzee akaweka kijiko. Bintiye akasikika akipiga simu.

Pettibone alishafungua fomu ya makosa. "Umemwambia asinywe saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi," Marlys akasema. "Andika na hili: nusu bakuli lilishaingia tumboni, sisi tukibishana."