Wanasema Waitwa Mkutanoni

Mkutano wa kitongoji cha Mwasilimbi uliitishwa saa nne asubuhi, kwa hiyo saa saba mchana watu walikuwa wameanza kufika. Walikaa kwenye kivuli cha ghala la pamba, wengine juu ya magunia matupu, wengine kwenye jukwaa la mizani. Ngusa, kamanda wa sungusungu, alisimama pembeni na filimbi yake shingoni ili ijulikane kwamba yeye yuko kazini. Lusia alikaa peke yake juu ya ndoo ya dagaa aliyoipindua. Hakuna aliyemtenga kwa maneno. Watu walisogea tu, kidogo kidogo, nafasi ikawa kubwa.

Ng'ombe wanne wa mzee Mayala walikuwa wamekunywa maji lamboni, wakajilaza, hawakuinuka tena. Lusia alidaiwa kumwaga kitu humo. Mkutano ukikubali, angetengwa kweli: hakuna wa kumsalimia, wa kumpa moto, wala wa kununua dagaa wake, na akifiwa azike mwenyewe. Alitoka Nkome zamani kuja kuolewa hapa, mumewe kazikwa nyuma ya nyumba, na kwao hakuna aliyebaki. Aliogopa sana.

"Nani alimwona?" aliuliza Ignas, mwenyekiti.

"Wanasema alionekana alfajiri lamboni, ana ndoo," alijibu Ngusa.

"Wanasema akina nani?"

"Wanasema tu, mwenyekiti."

"Hata mimi nimesikia," alidakia Salome, mwenye mashine ya kusaga. "Tena wanasema alikuwa anaongea peke yake."

Ignas alikuwa mtu wa taratibu, na njaa ilikuwa inamuuma. "Basi, kama hao ndio mashahidi, waitwe. Ngusa, piga filimbi. Wanasema waje."

Ngusa akapiga filimbi. Wanasema wakaja.

Walitokea njia ya gulioni, wanaume kwa wanawake, vumbi hadi magotini. Walikuwa wengi, ikabidi watu wabanane. Nyuso zao zilikuwa za kawaida, ila kila uso ulifanana na wa mtu uliyemsalimia juzi, na ukiutazama vizuri si yeye. Walisalimia, "Mwadila," wakaitikiwa. Mmoja aliomba maji, Salome akampa kata nzima.

"Poleni na safari," alisema Ignas.

"Safari gani, mwanangu?" alijibu bibi mmoja miongoni mwao, mwenye kitenge kilichopauka. "Sisi tuko hapa hapa. Mnatutuma mno, basi."

"Mlimwona Lusia akimwaga sumu?"

"Hatukuona."

"Mlisikia?"

"Ndiyo."

"Kwa nani?"

Wanasema waliinuka, kila mmoja akaenda kusimama mbele ya mtu aliyempa maneno. Wawili walisimama mbele ya Ngusa. Watatu walikwenda kwa Salome, naye akasema, "Jamani, watatu?" Yule bibi alisimama mbele ya Ignas.

"Mimi? Mimi sikusema kitu!"

"Ulisema 'mh'."

"Nilisema mh tu!"

"Hiyo mh tumeibeba mpaka Nkome, mwenyekiti. Ilikuwa nzito."

Watu walicheka, kisha wakanyamaza, maana karibu kila mmoja alikuwa na wake mbele yake. Mbele ya Mayala hapakuwa na mtu.

"Na mimi je?" aliuliza.

"Wewe hukusema, mzee. Ulikuwa unalia."

Mayala akavua kofia, akalia tena kidogo. Aliwapenda ng'ombe wale.

"Kwa hiyo hakuna aliyeona chochote?" alisema Ignas.

"Sisi tunabeba tunachopewa," alijibu bibi. "Bwawa la marudio kwenye mgodi wa Donatus limepasuka ukuta. Maji ya sumu ya kuchenjulia dhahabu yanatiririka mpaka lamboni, na mfereji wake mnauruka kila mnapokwenda gulioni. Hilo hakuna aliyewahi kututuma."

Nusu ya nyumba za Mwasilimbi zilikuwa na mtu aliyeajiriwa kwa Donatus, na harusi hazikufana bila mchango wake. Watu wazima na akili zao wakaanza kukagua kucha.

Lusia akasimama. "Alfajiri ile nilikwenda kusuuza ndoo. Maji yalikuwa yananuka, yana povu, nikayamwaga nikarudi. Huo mfereji nimeuona. Sijaambiwa na mtu. Ninasema mimi, Lusia, Mama Wiliam. Mkitaka kunitenga, nitengeni."

Mayala naye akainuka. "Na mimi nimeuona. Nilinyamaza kwa sababu mwanangu yuko kwa Donatus. Ninasema mimi. Mayu Lusia, mama yangu, nisamehe."

Salome akafuata kukiri maneno yake, na alipomaliza, watatu wake wakajikung'uta vumbi wakaondoka. Ignas aliyasema yake amekaa, bibi akamshukuru. Wakaendelea hivyo mpaka jua likaelekea kuzama. Ngusa peke yake alikohoa, akakohoa, asiseme kitu. Wawili wake wakamfuata nyumbani, wakapewa ugali na mkeka.

Lusia hakutengwa. Wajumbe walikwenda kwa Donatus, akawapa soda, akasema fundi anakuja. Fundi hajaja. Afisa mmoja alifika na gari, akasema amesikia ukuta umeshazibwa, na alipoondoka Wanasema wawili wapya walibaki barabarani wakiuliza njia. Wanawake waliziba njia ya lambo kwa miiba, na mchungaji yeyote anayepita hukuta mtu wa kumwambia, kwa jina lake mwenyewe, kwa nini asinyweshe pale.

Baada ya mavuno Ngusa alikwenda kwa Lusia, wawili wake nyuma.

"Shikamoo, Mama Wiliam."

"Marahaba."

"Wanasema nije nikuombe radhi."

Lusia aliwatazama wale wawili. Wakatikisa vichwa: hawakusema.

"Nani anasema, Ngusa?"

Ngusa akatazama chini. "Mimi," alisema. "Nilikuzushia, mama. Ninasema mimi. Nisamehe."

Wale wawili wakaondoka bila kuaga. Lusia akampimia dagaa na kumwongezea konzi moja.

"Mfereji bado unatiririka?" alimuuliza.

"Unatiririka," alisema Ngusa. "Nimetoka kuuona sasa hivi."